Samaki wa baharini: tangi la nchi kavu, kizimba au bwawa la pwani? Piga hesabu kabla ya kutoa mtaji

Mtu mwenye akiba yake, au kikundi kilichoungana kukopa, kikitazama bei ya chewa na songoro soko la Feri, Dar es Salaam, wazo la kufuga samaki wa baharini huja haraka. Wauzaji wa mitambo nao huja haraka. Wanaleta picha za ghala safi, matangi ya bluu yaliyopangwa kwa safu, na maelezo kwamba maji yanazunguka humo humo, magonjwa ya baharini hayaingii, dhoruba haifiki na samaki wanakua mwaka mzima. Mfumo huu wa kuzungusha maji, ambao wafugaji wengi wanauita RAS kwa kifupi, unafanya kazi kweli. Bakteria wake wanasafisha maji, na samaki wake wanalika na wana ladha. Swali ni kama kilo ya samaki huyo itauzwa kwa bei inayozidi iliyotumika kumkuza.

Nauweka msimamo wangu mezani mapema ili msomaji aupime anaposoma. Kwa samaki wa kula, kwenye mwambao wetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, RAS ni chaguo la mwisho. Kwa vifaranga ni chaguo la kwanza. Sababu zote mbili zinatoka kwenye hesabu ile ile.

Vitu vitatu vinavyolinganishwa

Bwawa la pwani linachimbwa kwenye majangwa ya chumvi nyuma ya mikoko, na maji hujaa na kutoka na bamvua. Kilifi, Kwale, Mtwara na Pemba wanafuga humo mwatiko, na pengine mkizi. Mwatiko anakula zaidi mwani unaoota chini ya bwawa, kwa hiyo gharama ya chakula ni ndogo, lakini mavuno nayo ni madogo: kwa ufugaji wa asili mara nyingi hayazidi tani 1 au 2 kwa hekta kwa mwaka.

Kizimba ni wavu unaoning'inia baharini ukishikiliwa na maboya na nanga. Mkondo wa maji unaleta oksijeni na kuondoa kinyesi bila kukutoza hata senti.

RAS ni jengo. Maji hutoka tangini, hupita kwenye kichujio cha ngoma kinachonasa kinyesi, kisha huingia kwenye tangi la bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na hatimaye naitreti. Baada ya hapo hutolewa kaboni dayoksaidi, huongezwa oksijeni, hupigwa ozoni au miale ya urujuanimno, ndipo yanarudi kwa samaki. Kila kazi ambayo bahari inaifanya bure, hapa unainunulia mtambo na umeme.

Mtaji ndio unaoumiza

Watu wengi wakisikia RAS wanaogopa bili ya umeme. Bili hiyo ni nzito, lakini kinachoumiza zaidi ni bei ya jengo na mitambo, na riba ya fedha zilizojengea. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Norwe walichapisha ulinganisho wa mashamba mawili ya samoni yenye uwezo sawa wa tani 3,300 kwa mwaka, moja la vizimba Norwe na jingine la matangi Marekani. La vizimba lilihitaji takriban dola milioni 30, la matangi takriban milioni 54. Gharama za uendeshaji, ukiondoa riba na uchakavu, zilikaribiana. Hata walipokadiria kwamba samaki wa matangi angeuzwa ghali zaidi kwa 30%, marejesho ya mtaji kwenye vizimba yalibaki karibu maradufu.

Gawanya hiyo milioni 54 kwa tani 3,300: ni zaidi ya dola 16 za mtaji kwa kila kilo ya uwezo wa mwaka. Shamba dogo halipati unafuu, kwa sababu jenereta, maabara, kengele za hatari na fundi aliyebobea vinahitajika hata kwa tani 100.

Sasa tuilete hesabu nyumbani. Takwimu zifuatazo ni makadirio yangu ya kufanyia mazoezi, na kila mmoja aweke bei zake. Shamba ni la tani 100 kwa mwaka la samaki anayekula nyama, kama songoro au baramundi, nduguye sangara wa Ziwa Viktoria. Mkopo una riba ya 12%, mitambo inachakaa kwa miaka 10, chakula ni dola 1.80 kwa kilo na umeme dola 0.12 kwa uniti.

| Gharama kwa kilo (dola) | Kizimba | RAS |
|---|---|---|
| Riba na uchakavu | 1.10 | 3.30 |
| Chakula | 3.06 | 2.34 |
| Vifaranga | 0.90 | 0.70 |
| Umeme | – | 0.84 |
| Wafanyakazi, ulinzi, boti | 1.00 | 0.60 |
| Nyavu na uzamiaji (kizimba); oksijeni, vipuri na vipimo (RAS) | 0.60 | 0.50 |
| Jumla | 6.66 | 8.28 |

Nimeweka mtaji wa dola 5 kwa kilo upande wa kizimba na 15 upande wa RAS. Kwenye chakula RAS inashinda: maji yametulia, joto halibadiliki, chakula hakichukuliwi na mkondo, kwa hiyo kilo 1.3 ya chakula inatosha kwa kilo moja ya samaki, pale kizimba kinapotumia 1.7. Lakini ushindi wa senti 72 kwenye chakula unamezwa na dola 2.20 za riba na uchakavu.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwenye jedwali, kwa kuwa jedwali linadhani matangi yamejaa. Tuseme vifaranga vilichelewa, bakteria walisumbua miezi miwili, na mwaka ukaisha ukiwa umeuza tani 60 badala ya 100. Benki haipunguzi riba. Pampu zinasukuma maji yale yale na fundi analipwa mshahara ule ule. Gharama ya kilo moja inaruka kutoka dola 8.28 hadi karibu 11.80. Kwenye kizimba, ukipungukiwa samaki, hasara ipo lakini mtaji uliolala ni mdogo, na wavu usio na samaki hauli umeme.

Hapo ndipo miradi mikubwa ya dunia ilipokwama. Kampuni ya Atlantic Sapphire ilianza na shamba la samoni Hvide Sande, Denmark, kisha ikajenga Homestead, kusini mwa Florida, ikitangaza lengo la tani 220,000 kwa mwaka ifikapo 2031. Machi 2021 ilipoteza takriban tani 500 za samaki Florida kwa tatizo la mfumo wa maji. Septemba mwaka huo huo moto uliteketeza shamba la Denmark. Kwa miaka kadhaa uvunaji wa Florida ulibaki chini sana ya tani 10,000 hivi zilizokusudiwa kwenye awamu ya kwanza. Wahandisi wao hawakuwa wanafunzi, na fedha hazikuwa haba. Tangi lisilojaa ndilo lililowagharimu.

Maji ya chumvi yana ugumu wake

Waliofuga sato au kambare kwenye matangi wakafanikiwa hudhani kuhamia samaki wa baharini ni kuongeza chumvi tu. Sivyo, na tofauti hizi zote zinaishia kwenye gharama.

Kwanza, maji ya bahari ya nyuzi 28 yanashika kama gramu 6.3 tu za oksijeni kwa mita ya ujazo, wakati maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya joto hilo hilo yanashika karibu 7.8. Ukiwa na kilo 60 za samaki kwa mita ya ujazo, na kila kilo ikitumia gramu 0.4 kwa saa, oksijeni yote iliyomo inamalizika ndani ya robo saa, na samaki wanaanza kufa kabla ya hapo. Mtungi wa oksijeni unaofunguka wenyewe umeme unapokatika ni lazima uwepo, pamoja na jenereta mbili, ya pili kwa ajili ya siku ya kwanza inapokataa kuwaka. Anayeikumbuka Unguja iliyokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, au Kenya nzima ilivyozimika Agosti 2023, ataelewa kwa nini naandika hivi. Katika hesabu ya RAS pwani yetu, dizeli ni matumizi ya kawaida na iwekwe kwenye bajeti ya kila mwezi.

Pili, kila kilo ya chakula chenye protini 45% inatoa takriban gramu 40 za naitrojeni ya amonia. Bakteria wa kuishughulikia wanakua polepole zaidi kwenye chumvi. Kichujio kipya kinaweza kukaa wiki 6 hadi 8, pengine zaidi, kabla hakijawa tayari kubeba mzigo kamili. Wiki hizo zote riba inahesabiwa.

Tatu, na hili ndilo linaloua kimya kimya: maji ya bahari yana salfeti nyingi, karibu gramu 2.7 kwa lita. Kinyesi kikijikusanya kwenye bomba au kona isiyo na oksijeni, bakteria wengine wanaigeuza salfeti hiyo kuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Kiasi kidogo kabisa kinatosha kuua tangi zima. Kwenye maji baridi salfeti ni kidogo, kwa hiyo tatizo hili ni nadra. Mchoro wa mabomba ya RAS ya baharini unatakiwa usiwe na pembe hata moja ambamo uchafu utalala. Mchoro wa namna hiyo ni ghali, na kuyasafisha mabomba hayo kila siku kunahitaji watu makini.

Kisha kuna ahadi ya "unaweza kufuga samaki wa baharini hata Dodoma". Maji ya bahari ni kilo 35 za chumvi kwa mita ya ujazo. Mfumo unaobadilisha lita 400 za maji kwa kila kilo ya chakula utapoteza kilo 14 za chumvi kwa kila kilo ya chakula. Hata chumvi ya senti 50 kwa kilo ingekugharimu dola 7, karibu mara nne ya bei ya chakula chenyewe. Unaweza kuongeza mtambo wa kuondoa naitreti ili ubadilishe maji kidogo sana, lakini huo nao ni mtaji juu ya mtaji. Tope lenye chumvi halimwagwi shambani kama mbolea. Kwa samaki wa bahari halisi, kaa ufukweni uvute maji kwa pampu, kama ifanyavyo Kingfish Company kule Kats, Zeeland, Uholanzi, inayochota maji ya hori la bahari la Oosterschelde kufugia samaki wa jamaa ya kolekole. Baramundi anavumilia maji yenye chumvi kidogo, ndiyo maana huyo anafugwa hata mbali na bahari.

Kizimba nacho si lelemama

Ninayesema kizimba ni nafuu sisemi ni salama. Kusi ikivuma Juni hadi Agosti, kizimba kilichowekwa bahari ya wazi kitavunjika. Sehemu zinazofaa ni zile zenye kinga: hori la Kilifi, mlango kati ya Shimoni na Wasini, hori za magharibi ya Pemba. Sehemu hizo zina wavuvi, wakulima wa mwani, boti za watalii, na kibali kinapita kwa kamati ya usimamizi wa fukwe kabla hakijafika kwa afisa yeyote. Wizi wa usiku upo, na ulinzi wake si gharama ndogo.

Bahari yenyewe inaweza kugeuka. Mwaka 2008 na 2009 mwani mwekundu ulienea Ghuba ya Uajemi na pwani ya Omani, ukaua samaki wa vizimbani na wa porini na kulazimisha mitambo ya kusafisha maji ya kunywa kusimama. Chile mwaka 2016 na kaskazini ya Norwe mwaka 2019 mwani uliua mamilioni ya samoni. Aliye kwenye RAS siku kama hiyo anafunga bomba la kuingizia maji na kuendelea.

Norwe inasaidia kueleza kwa nini wawekezaji waliikimbilia RAS. Kule kibali cha kufuga baharini ni ghali mno: kwenye mnada wa 2020 tani moja ya uwezo iliuzwa kwa wastani wa takriban kroni 220,000. Chawa wa samoni wanaongeza gharama ya tiba kila mwaka, na tangu 2023 kuna kodi ya ziada ya 25% kwa faida itokanayo na kutumia bahari. Mtu anayelipa yote hayo ana sababu ya kulitazama tangi la nchi kavu. Pwani yetu bado haina bei hizo. Kuiga suluhisho la Norwe bila kuwa na tatizo la Norwe ni kupoteza fedha.

Kuna kampuni iliyojaribu njia zote mbili kwa samaki yule yule. Australis ilifuga baramundi kwa RAS huko Turners Falls, Massachusetts, karibu kabisa na walaji wake wa Marekani. Baadaye nguvu yake kubwa ikahamia vizimbani, kwenye ghuba ya Van Phong nchini Vietnam, na samaki wakawa wanavuka bahari wakiwa wamegandishwa. Umbali wote huo, na bado hesabu ya bahari ya joto ikaishinda ya ghala la Massachusetts kwa samaki wa wingi.

RAS inapolipa

Haitakuwa haki nikiacha hapo. Kuna mahali ambapo samaki wa kula kutoka RAS anajilipia. Dubai kuna kampuni iitwayo Fish Farm inayofuga samoni wa Atlantiki Jebel Ali, mahali ambapo bahari ina joto lisilomfaa samoni hata kidogo na mshindani wake anafika kwa ndege. Nauli ya ndege ndiyo inayompa mfugaji wa hapo nafasi. Kanuni ni hiyo: RAS inalipa pale ambapo samaki huyo hawezi kuishi baharini karibu nawe, mlaji anataka mbichi kabisa, na mbadala wake unasafirishwa kwa gharama kubwa. Umeme usiokatika na mkopo wa riba nafuu vinafuata.

Songoro na chewa wa kwetu hawatimizi sharti la kwanza. Wanaishi hapa. Bei yako itapambana na ya mvuvi aliyetoka baharini alfajiri, ambaye hana gharama ya chakula, na kwa mnunuzi wa kawaida itapambana pia na sato aliyegandishwa. Hoteli kubwa za Nungwi, Diani au Masaki zinaweza kulipa zaidi kwa uhakika wa saizi moja kila wiki, hata msimu wa kusi mashua zisipotoka. Soko hilo lipo, ila ni dogo, na mkataba wa maandishi upatikane kabla ya kuchimba msingi.

Kwa upande wa vifaranga, hesabu inageuka kabisa.

Kilo ya samaki wa gramu 5 ni vifaranga 200. Ukimuuza mmoja kwa senti 30, kilo hiyo ni dola 60. Tangi lile lile, pampu ile ile, mtaji ule ule uliokuwa ukikuzalishia samaki wa dola 8 au 9 kwa kilo, sasa unazalisha kitu chenye thamani mara saba. Chakula kinachotumika ni kidogo, samaki hawakai muda mrefu tangini, na ukipata hasara mwezi mmoja unaweza kuanza kundi jipya mwezi unaofuata. Kifaranga ndicho pia kinachohitaji zaidi kile RAS inachokitoa: maji yasiyobadilika, joto lile lile usiku na mchana, ulinzi dhidi ya vimelea.

Ndivyo wanavyofanya wenye uzoefu mrefu. Norwe, pamoja na vizimba vyake vyote, inawakuza samoni wadogo nchi kavu, na sehemu kubwa ya vituo hivyo sasa ni RAS. Kampuni ya Bakkafrost ya Visiwa vya Faroe imejipanga kuwakuza hadi gramu 500 kabla ya kuwapeleka baharini, ili muda wa kukaa kizimbani, ambako chawa na dhoruba vinawasubiri, uwe mfupi.

Kwetu kifaranga ndicho kinachokosekana. Wafugaji wa mwatiko bado wanategemea kuwakusanya wadogo kwenye vijito vya mikoko, kwa misimu, wakichanganyika na samaki wengine, na mwaka mbaya bwawa linabaki tupu. Indonesia walishavuka hapo: mayai ya mwatiko yanatotolewa kwenye vituo vya Gondol na vijiji vya jirani kaskazini ya Bali, na vifaranga vinauzwa hadi Ufilipino. Zanzibar ina kituo cha Beit-el-Ras kilichojengwa kwa msaada wa FAO na Korea, na Kenya ina mradi wa kituo cha Shimoni. Mwekezaji binafsi mwenye dola 200,000 atakayenunua viluwiluwi vya mwatiko au songoro kutoka kituo kama hicho, akawakuza kwenye RAS ndogo hadi gramu 5 au 20 na kuwauzia wenye mabwawa na vizimba, yuko kwenye biashara ambayo wateja wake wapo tayari. Mwenye fedha hizo hizo akijenga tani 13 za samaki wa kula, atakuwa na mtambo mdogo mno kulipa hata fundi wake.

Kwa hiyo kama una ekari chache za jangwa la chumvi na fedha kidogo, anza na bwawa na mwatiko, bila kukata mkoko hata mmoja. Kama una mtaji wa kati, hori lenye kinga na maelewano na wavuvi, kizimba. Kama una fundi mzuri, umeme wa uhakika na mahali karibu na maji safi ya bahari, RAS ya vifaranga. RAS ya samaki wa kula iwe kwa mwenye mkataba wa hoteli mkononi na fedha zake mwenyewe, zisizo za mkopo.

Muuzaji wa mitambo akija, mwulize mambo manne na umtake ayaandike. Ni shamba gani lenye maji ya chumvi, si ya baridi, linaloendeshwa kwa mtambo wake kwa zaidi ya miaka mitatu, na je, unaweza kulitembelea? Kwa wastani wa miaka hiyo lilivuna asilimia ngapi ya uwezo ulioandikwa kwenye karatasi? Uniti ngapi za umeme kwa kilo iliyouzwa, si kwa kilo iliyofugwa? Na kipuri cha pampu kuu kikiharibika Ijumaa jioni, kitafika Tanga au Mombasa siku gani?